Kitabu cha Fundi wa Ndege Kilichonipeleka Kinshasa

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa kifutio. Nalitaja hapa juu kabisa kwa sababu tangu nirudi kila mtu Likasi ananiuliza Kinshasa ilikuwaje, na mimi nimekuwa nikijibu kwa habari za foleni na za chikwangue, ule mkate wa muhogo, kama mtu aliyekwenda kutembea. Sikwenda kutembea. Nilikwenda kusimama mbele ya kosa langu, na nilisafiri siku sita kulifikia, nikiwa nimekaa kando ya mtu niliyemkosea, nikimkatia machungwa.

Mnanijua. Nina miaka ishirini na sita, nina duka la fotokopi karibu na soko, na kwa miaka minne najifundisha kazi ya kuhifadhi nyaraka za kale kwa kusoma miongozo kwenye simu. Hakuna aliyeniomba. Nakusanya michoro ya mitambo ya umeme ya Mwadingusha, ramani za reli, na zaidi ya yote karatasi za ndege. Nina glavu nyeupe nilizonunua kwa kiongozi wa bendi ya shule. Nina kioo cha kukuzia maandishi. Nina lebo za kila kitu, hata sanduku la lebo lina lebo. Mtu akiweka kikombe cha chai mita mbili kutoka karatasi ya mwaka wowote, moyo wangu unaanza kukimbia.

Maman Odile ni mwalimu mstaafu wa mtaa wa Kakontwe. Macho yake yameingia ukungu. Watu anawatambua kwa sauti na umbo, kusoma hawezi tena. Aliniletea kitabu cha matengenezo ya ndege kilichotoka katika kiwanja kidogo cha ndege cha hapa kwetu, enzi za wakoloni. Kila ukurasa una tarehe, kazi iliyofanywa kwenye injini, na sahihi ya mhandisi Mzungu kwa wino. Baba yake, Papa Sylvestre, alifanya kazi katika banda hilo. Kwenye karatasi za kampuni aliitwa kibarua. Lakini pembeni mwa kurasa kumi na moja, kwa penseli, aliandika kwa siri kazi alizozifanya yeye mwenyewe, akaweka herufi S.K. Wazungu walipoondoka kitabu kilitakiwa kuchomwa. Yeye alikipeleka nyumbani chini ya shati.

Niliwaandikia watu wa makumbusho moja ya Kinshasa wanaokusanya nyaraka za sayansi, ufundi na historia ya ndege, kwamba mle ndani kuna maandishi ya Papa Sylvestre; wakati ule sikujua, wala sikuuliza, kwamba ni ya penseli na yako pembeni. Wakati nasubiri jibu, nilitazama kitabu nikaona aibu. Watoto wa familia walikuwa wamechoramo mbuzi, nyumba, ndege zenye masikio. Nikasema moyoni, watu wa Kinshasa wasije wakadhani sisi wa Likasi ni wachafu. Nikachukua kifutio. Nilifuta mbuzi. Nilifuta nyumba. Nilifuta mistari hafifu ya pembeni iliyofanana na mikwaruzo, nikiwa na muziki masikioni na furaha ya mtu anayepiga pasi shati. Kwenye mstari wa mwisho kabisa, kifutio kikiwa kimeshapita nusu, nilisoma: "Amesaini yeye. Kazi ni yangu."

Na picha? Kila mwongozo duniani unasema piga picha kabla ya kugusa. Mimi nilipiga baada ya kusafisha, ili zitoke nzuri.

Wiki tatu baadaye jibu likaja. Leteni kitabu chenyewe, na mtoto wa fundi aje atoe maelezo. Kama maandishi hayo yapo, Papa Sylvestre ataingia katika daftari la makumbusho kama fundi wa ndege. Nilimsomea Maman Odile barua hiyo mbele ya wajukuu wake. Alipiga vigelegele. Nami nikapiga makofi.

Likasi hadi Lubumbashi

Barabara hii mnaijua, ni ya saa mbili, na sisi tuliimaliza kwa saa saba. Kwanza tulitambaa nyuma ya malori ya madini. Kisha, baada ya daraja la Lufira, basi likatoa sauti ya mtu anayesafisha koo, likasimama.

Nilikuwa nimekumbatia sanduku lenye kitabu na kipimo kimoja cha ndege kutoka mkusanyiko wangu, chenye uso kama wa saa, kile kinachomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Mama mmoja aliyepanda na beseni la samaki wa kukaanga wa Kapolowe alitafuta pa kuliweka, akaona mapaja yangu.

"Papa, ondosha ile sanduku, minye niweke samaki."

"Mama, hii ni archives."

"Archives njo nini? Banakula?"

Basi zima likacheka. Nilianza kueleza habari ya unyevu na mafuta ya samaki kwenye karatasi, nikaona macho ya watu yanafumba. Maman Odile akanikata.

"Ni kitabu ya baba yangu. Alikuwa anatengeneza avion."

"Avion!" Yule mama akageukia dereva aliyekuwa chini ya basi, miguu tu ikionekana. "Chauffeur! Iko hapa mutoto ya fundi ya avion, weye unalala chini ya bus kama kuku!"

Kwa saa tatu tulizokaa pale, Maman Odile aliwasimulia abiria jinsi baba yake alivyokuwa akiwasomea maandishi yale jioni, akirudia kila neno kama somo la dini, na jinsi alivyowaambia wasiyataje shuleni. Mzee mmoja akamwuliza, "Na maandishi iko mule ndani mpaka leo?"

"Iko. Mushangae! Huyu Trésor amekichunga kama yai."

Trésor ni mimi. Nilinunua samaki wawili ambao sikuwa na njaa nao, ili mdomo wangu uwe na kazi.

Lubumbashi, siku ambazo hazikuwa kwenye mpango

Tulikosa ndege ya Kinshasa kwa sababu yangu. Saa ile ya ndege ina rangi inayong'aa gizani, na rangi za namna hiyo zamani zilitiwa radiamu. Kwa kuwa mimi ni mtu wa lebo, nilikuwa nimebandika juu ya kifuniko, kwa herufi kubwa nyekundu, kwa Kiswahili na Kifaransa: HATARI, RADIAMU. Ofisa wa uwanjani aliisoma mara mbili.

"Munatoka wapi?"

"Likasi."

"Likasi ya Shinkolobwe, kule kwa uranium?"

"Likasi ni moja tu, chef."

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi."

"Juu ya sababu gani umeandika?"

"Juu ni kweli."

Maman Odile alishika kichwa. "Héé! Huyu mutoto! Mambo yote ya kweli anangojea airport ndio aiseme!"

Alisema kwa utani. Mimi nikashughulika na kona ya lebo. Kwa haki, ofisa yule alifanya kazi yake: mtu wa Likasi, sanduku la chuma, neno radiamu. Mtu mwenye kifaa cha kupimia mionzi alikuja kesho yake, akapima, akasema saa isipande ndege, kitabu kinaweza kwenda. Ndege iliyofuata ilikuwa siku mbili mbele.

Tulilala mtaa wa Katuba kwa mpwa wa Maman Odile, ambaye mume wake ni mwimbaji wa kanisa na anapenda wageni kuliko wageni wanavyoweza kuvumilia. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, halafu mwimbaji huyo akataka kuona kitabu. Nilivaa glavu. Nilitandaza kitambaa. Nilianza kueleza. Yeye akanyoosha mkono ulioshika bukari dakika moja iliyopita, akafungua ukurasa wa katikati.

"Papa, mikono!"

"Mikono yangu iko na nini? Hii kitabu ilitoka mu garage, haikutoka mbinguni." Akainama, akatafuta. "Sasa penseli iko wapi? Minye naona wino tu."

Niliwahi kusema, kwa sauti ya daktari, kwamba penseli ya zamani haionekani kwa taa ya umeme. Wote wakaitikia kwa vichwa. Maman Odile pia. Ndivyo ilivyo rahisi: unavaa glavu nyeupe, unasema upuuzi polepole, na watu wanakushukuru.

Mbuji-Mayi

Sikuwa nimewahi kupanda ndege kabla ya siku ile. Nimesoma habari za ndege tangu nina miaka kumi na tano, naweza kuwatajia sababu nane za injini ya zamani kuzimika angani, kuanzia magneto inayokosa kutoa cheche, na ndilo nililolifanya, kwa kunong'ona, tangu magurudumu yalipoanza kuzunguka. Mbele yetu mama mmoja aliomba kwa lugha za Roho. Tulikuwa kama kwaya, kila mmoja na wimbo wake.

"Weye njo unajua mambo ya avion?" Maman Odile aliniuliza.

"Ya kwenye karatasi, Maman."

"Naona."

Juu ya mawingu nilipata ujasiri, au hofu moja ilisukuma nyingine nje. Nikasema, "Maman, iko kitu nataka kukuambia." Ndege ikaruka kama imekanyaga jiwe. Watu wakalia.

"Kama tunakufa, utaniambia kule," alisema amefumba macho. "Kama hatukufi, utaniambia chini. Sasa nyamaza."

Chini tulifika, Mbuji-Mayi, kwa kituo cha nusu saa kilichokuwa cha saa tano. Sikumwambia. Nilinunua machungwa. Kisha nikafungua sanduku kuangalia kama kitabu hakikupata unyevu: glavu nyeupe, kioo cha kukuzia machoni, mgongo nimeuelekeza kwa watu ili nisisumbuliwe. Hebu fikirini mtu wa namna hiyo amekaa hivyo katika mji wa almasi.

Haikupita robo saa, bwana mmoja mwenye kofia na viatu vinavyong'aa akaketi karibu sana nami. Kiswahili chake kilikuwa cha wafanyabiashara wanaopita kila mji.

"Patron. Unachukua kubwa ao ndogo?"

Niliona ajabu kwamba sifa zangu za kukusanya nyaraka zimefika Kasai. "Nachukua zote," nikamwambia. "Lakini sharti nijue imetoka wapi, nani aliichukua, na imepitia mikono ya nani mpaka kukufikia."

Uso wake ukabadilika. "Yote hiyo?"

"Yote. Na majina naandika."

Aliinuka polepole, akagusa kofia. "Weye ni police," akasema kwa masikitiko, na baada ya dakika mbili upande wetu wa ukumbi ukawa mtupu kabisa. Maman Odile alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema baba yake angenipenda, kwa kuwa na yeye alikuwa mtu wa kuandika majina. Nilimenya chungwa jingine.

Kinshasa, kutoka uwanjani

Kuhusu foleni nimeshawaambia wote, mara nyingi kuliko mlivyotaka. Ambalo sijasema ni kwamba dereva wetu wa teksi hakujua Kiswahili, na alitutazama kwenye kioo kama watu waliotoka nchi ya mbali wakiwa hawajaoga. Nilimweleza kwa Kifaransa changu cha vitabu kwamba tunakwenda makumbusho, ya mambo ya ndege. Akasema anapajua vizuri sana. Baada ya saa mbili alitushusha mbele ya baa iliyojengwa ndani ya kiwiliwili cha ndege kuukuu, imepakwa rangi ya waridi, muziki unatoka madirishani.

"Voilà," akasema. "Musée ya avion."

Tulikuwa na njaa, basi tuliingia makumbusho hayo na kula chikwangue na samaki wa kwenye majani. Maman Odile alipitisha vidole kwenye ukuta wa ndege, polepole, jinsi wanavyofanya wasioona. Alisimama kwenye kiraka.

"Hapa wamepiga misumari. Ya nyumba! Baba angetapika."

Akaendelea kugusa, na akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba alipokuwa mtoto wenzake walimcheka: baba yake anasema anatengeneza avion kumbe anafagia. Alipigana shuleni kwa ajili hiyo. Alipokuwa mwalimu aliwahi kuwaambia wanafunzi wake, na mzazi mmoja akaja kumwambia aache kuwadanganya watoto. "Njo maana nimekuja na hizi miguu yangu mbaya," alisema. "Minye sitafuti sifa. Nataka wasiseme tena ni bongo."

Bongo kwetu ni uongo. Sikumaliza chikwangue yangu.

Chumba cha nyuma

Makumbusho yenyewe tuliyapata kesho yake, na Madame Furaha ndiye anayetunza nyaraka pale. Alizaliwa Bukavu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu, na hana haraka. Alitupeleka chumba cha nyuma, akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akakaa. Nilimpa glavu zangu za akiba.

"Za nini?"

"Za... karatasi."

"Glavu za pamba zinaondoa hisia ya vidole. Ndizo zinazochana kurasa." Akafungua kitabu kwa mikono mitupu, kwa wepesi ambao sijawahi kuupata. Miaka minne nimevaa vazi la bendi ya shule bure.

Alizima taa ya dari, akawasha taa ndogo na kuilaza karibu na meza, mwanga ukapita juu ya karatasi kama jua la kuchwea juu ya shamba lililolimwa. Kila mkunjo ukatupa kivuli. Akafunua kurasa tatu, akaurudia ule wa kwanza.

"Hapa pamefutwa," akasema. "Na si zamani. Nyuzi za karatasi bado zimesimama. Nani amefuta?"

"Nani amefuta nini?" akauliza Maman Odile.

Nitawaambia kila kitu, ndiyo sababu naandika. Uongo ulikuwa umeshasimama tayari mdomoni, umevaa vizuri: wajukuu. Watoto wakichezea kitabu, nani atashangaa? Ningeweza kumtwika hata yule mwimbaji wa Katuba. Nilifungua mdomo nikiwa bado sijajua kitatoka kipi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani ni uchafu. Nilifuta zote kumi na moja. Nimeficha tangu Likasi."

Maman Odile aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Zote?"

"Zote, Maman."

"Na mu bus ulikuwa unajua. Na kwa mpwa wangu. Na pale nilikuwa nakuambia mambo ya shule, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Nilitaka apige kelele. Alivuta pumzi, akazungumza taratibu kama mwalimu anayesomea darasa imla. "Bazungu balimufuta na wino. Ile naelewa, balikuwa bazungu. Weye mutoto ya Likasi, umekula bukari yangu, umemufuta na gomme ya batoto ya masomo. Juu ya usafi!"

Madame Furaha akavuta kadi, akatoa kalamu. Akatueleza kwamba kwao ni kanuni: kila jambo ambalo kitabu kinatendewa, zuri au baya, linaandikwa kwenye kadi yake pamoja na jina la aliyelitenda, na kadi inakaa na kitabu siku zote.

"Basi andika," alisema Maman Odile. "Jina yake yote. Na ya baba yake, na quartier anakaa. Wasije wakatafuta Trésor mwingine."

Ikaandikwa. Nilitaja herufi moja moja, na kwa mazoea yangu ya kijinga nilimsahihisha Madame Furaha alipokosea alama juu ya "e".

Kisha akaanza kusoma mitaro iliyoachwa na penseli. Papa Sylvestre alikuwa na mkono mzito, Mungu amrehemu kwa hilo. Ukurasa wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili, hakuna. Wa tatu akasogeza taa, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"'Bwana iko... malaria, siku tatu. Magneto ya kushoto nimeifungua...'" Akasita. "Hapa sioni."

"'Nimeifungua peke yangu, nimeifunga peke yangu,'" alisema Maman Odile, amefumba macho. "'Avion imeruka.'"

Madame Furaha akasogeza taa tena, akahesabu mitaro kwa ncha ya kidole bila kugusa. "Ndivyo," akasema. "Herufi zinakaa. Na hapa, S.K."

Kurasa nne zilisomeka. Mbili zilitoa maneno machache. Tano zimekwenda kabisa, na kati ya hizo tano umo ule wa mwisho, ambao Papa Sylvestre hakuwahi kuwasomea watoto wake. Niliwaambia nilichokisoma pale kikipotea: Amesaini yeye, kazi ni yangu. Madame Furaha alisema anaweza kuliandika, lakini kama ushahidi wa mdomo, na lazima ataje shahidi ni nani. Kwa hiyo sentensi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika fundi yule sasa inaishi kwenye kadi kwa neno la mtu aliyeifuta. Yeyote atakayeisoma ana haki ya kutoniamini.

Jina likaingia kwenye daftari: Sylvestre K., fundi wa ndege, Likasi. Maman Odile aliomba asomewe mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Aksanti, Madame," na akaomba mtu mwingine amshike mkono kwenye ngazi.

Kurudi

Tulirudi kwa ndege moja, viti viwili vilivyofuatana, bila kituo na bila neno. Lubumbashi alibaki kwa mpwa wake. Aliniambia niende tu, atapanda basi na watu wengine. Nilifika Likasi mchana, nikafungua duka, na mteja wa kwanza akaniuliza Kinshasa ilikuwaje. Nikamwambia habari za foleni.

Sasa mmepata jibu lenyewe. Tangu siku ile, karatasi yoyote ikiletwa kwangu naipiga picha kama ilivyo, halafu nakaa na mwenye karatasi, namsomea kila alama iliyomo, pamoja na madoa na michoro ya watoto, na yeye ndiye anayesema kipi kiguswe. Kazi inakwenda polepole sana, na wengine wamechoka wakachukua karatasi zao. Maman Odile ananisalimu kanisani, kwa jina, basi. Hajaniletea kitu kingine, nami sijamwomba.